Mtoto wa mbwa ana tumbo dogo: tumpimie chakula, tusimjazie



Juma hili tunazungumza juu ya mgeni anayeingia katika nyumba zetu nyingi hapa Bukavu: mtoto wa mbwa. Baba anamleta ndani ya mfuko au kikapu, kusudi akikua alinde nyumba usiku. Watoto wanamfurahia, kila mmoja anataka kumpa jina. Siku ya kwanza anakula kama aliyekuwa na njaa tangu azaliwe. Siku ya tatu ua umejaa choo chepesi, mbwa amelegea, na mama ndiye anayefagia. Hapo maneno yanaanza: aliyetuuzia alitudanganya, mbwa huyu ni mgonjwa, hajazoea baridi ya kwetu.

Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, tuangalie kwanza sahani. Katika nyumba nyingi mtoto wa mbwa anahara kwa sababu amelishwa kupita kiasi, tena na watu wengi, bila mtu yeyote kupima.

MIKONO MINGI, TUMBO MOJA

Tufanye hesabu kama darasani. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili, wa aina ya mbwa wetu wa kawaida, anaweza kuwa na kilo 3. Chakula kilichopikwa kinachomtosha kwa siku nzima ni kama gramu 300. Sasa nyumba ina watoto watano. Kila mtoto anamega tonge moja la bugali, kubwa kama yai la kuku, anamtupia. Yai lina gramu karibu 50. Matonge matano ni gramu 250. Watoto peke yao wamekwisha kumpa karibu chakula cha siku nzima, katika dakika tano, na sahani ya mama bado haijatoka jikoni. Jioni baba anarudi, anaona mbwa anamtazama kwa macho ya huruma, naye anaongeza.

Gramu 300 kwa mwili wa kilo 3 ni sehemu moja ya kumi ya uzito. Mtu mzima wa kilo 60 akila namna hiyo kwa mara moja, angemeza kilo 6 za chakula akiwa amesimama mlangoni. Hakuna kati yetu anayeweza. Mbwa anajaribu, kwa sababu alipokuwa kwa mama yake alinyang'anyana chuchu na ndugu zake, akajifunza kwamba anayechelewa analala njaa. Kwa hiyo kulamba sahani hadi ing'ae hakuonyeshi kwamba hajashiba. Mtoto wa mbwa ataomba hata akiwa ameshiba.

KINACHOTENDEKA NDANI YA TUMBO

Mama aliyemwachisha mtoto ziwa anajua jambo hili. Huwezi kumtoa mtoto kwenye ziwa leo, kesho ukamwekea sahani ya bugali na maharagwe. Unaanza na uji, vijiko viwili, unaangalia tumbo linavyopokea, unaongeza polepole.

Mbwa naye yuko hivyo. Anaanza kuonja chakula akiwa na majuma matatu au manne, na kwa kawaida anaacha kunyonya kati ya juma la sita na la nane. Wengi wanafika kwetu katika siku hizo hizo, au hata mapema zaidi. Matumbo yake bado yanajifunza kusaga kitu kingine kisichokuwa maziwa. Chakula kikiingia kingi kwa mara moja, utumbo hauwezi kukimaliza. Kinachobaki kinateremka chini bila kusagwa, kinachachuka, kinaleta gesi na kuvuta maji ndani ya utumbo. Maji hayo ndiyo tunayoyaona uani kama choo chepesi. Chakula chenyewe hakikumsaidia: kimepita tu, na kimeondoka pamoja na maji ya mwili wake.

Ndiyo maana watu wengine wanashangaa: "Mbwa wangu anakula sana lakini anakonda." Akipunguziwa kidogo, choo kinashikana, na anaanza kunenepa.

KIPIMO CHETU: MKEBE WA TOMATI

Hatuhitaji kununua chombo. Chukueni mkebe mdogo wa tomati, ule wa gramu 70 unaouzwa katika kila duka la mtaani. Uosheni vizuri, na mdomo wake usuguliwe juu ya jiwe ili usikate mkono. Mkebe huo ni wa kupimia tu, mbwa asilie ndani yake. Ukijazwa chakula cha kupikwa, unachukua karibu gramu 70.

Kisha tujue uzito wa mbwa. Kama kuna mizani ya kusimamia nyumbani au kwa jirani, mtu mmoja asimame juu yake peke yake, asome. Halafu ambebe mbwa, asome tena. Tofauti ya namba mbili ndiyo uzito wa mbwa. Mizani ya kituo cha afya tuiache, ile ni ya watoto wetu.

Hivi ndivyo tunavyoanza, kwa mbwa wa miezi miwili hadi mitatu na nusu, tukichukua sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku:

Mbwa wa kilo 2: mikebe 3 kwa siku. Tukigawanya mara nne, kila mara ni mkebe usiojaa, robo yake ikiwa tupu.

Mbwa wa kilo 3: mikebe 4 kwa siku, yaani mkebe mmoja kila mara.

Mbwa wa kilo 4: mikebe 6 kwa siku, yaani mkebe mmoja na nusu kila mara.

Mbwa akipita miezi minne, kukua kwake kunapunguza mbio, na ile sehemu ya kumi inapungua polepole. Mbwa wa miezi sita mwenye kilo 8 anatosheka na mikebe kama 7 kwa siku. Mbwa mzima anahitaji kama sehemu moja ya ishirini ya uzito wake.

Namba hizi ni mahali pa kuanzia. Mbwa anayekimbia siku nzima atahitaji zaidi, anayefungwa kamba atahitaji kidogo. Mwili wake utatuambia, na chini tutaona namna ya kuusoma. Wale wanaonunua chakula kikavu cha mfuko wafuate kipimo kilichoandikwa juu ya mfuko, kwa sababu chakula kile kina nguvu nyingi ndani ya uzito mdogo. Na wasiongeze bugali juu yake wakifikiri hakitoshi.

MARA NNE, KISHA TATU, KISHA MBILI

Tumbo dogo linapenda kidogo kidogo. Tangu miezi miwili hadi mitatu, mbwa ale mara nne: asubuhi kabla ya watoto kwenda masomo, adhuhuri wakirudi, alasiri, na jioni kabla ya giza. Tangu miezi mitatu hadi sita, mara tatu. Baada ya miezi sita, mara mbili zinatosha.

Saa zisibadilike sana. Mbwa anayekula kwa saa yake anakwenda choo kwa saa yake, mara nyingi muda mfupi baada ya kula. Huo ni wakati wa kumtoa nje na kumwonyesha pembe yake ya ua. Mama atajikuta hafagii tena ndani ya nyumba.

Sahani ikae chini dakika kumi hadi kumi na tano. Kilichobaki kiondolewe. Chakula kilichoachwa chini siku nzima kinakusanya nzi na kuoza, na hatutajua tena mbwa amekula kiasi gani. Maji ndiyo peke yake yanayobaki saa zote, yawe safi, na yabadilishwe kila siku.

NDANI YA MKEBE TUWEKE NINI?

Kipimo kizuri cha chakula kibaya hakisaidii. Hapa Kivu tunaujua ugonjwa wa bwaki: mtoto anakula bugali ya muhogo kila siku, tumbo linajaa, lakini miguu inavimba na nywele zinabadilika rangi, kwa sababu chakula cha kujenga mwili hakipo. Mtoto wa mbwa anayelishwa bugali tupu anapata shida ya namna hiyo hiyo. Anashiba lakini hakui, manyoya hayang'ai, mifupa ni dhaifu.

Mchanganyo unaofaa ni huu: sehemu mbili za bugali laini ya mahindi au wali, na sehemu moja ya kitu cha kujenga mwili. Sambaza wanafaa sana, maana samaki hao wadogo wanasagwa pamoja na miiba yao laini, nayo inampa mbwa chokaa ya mifupa. Kama wamekaushwa kwa chumvi, walowekwe kwanza na maji yamwagwe. Yai lililochemshwa ni zuri. Mapafu ya ng'ombe, bandama, damu iliyochemshwa hadi ikashikana, hivi vyote bei yake ni chini kuliko nyama. Ini nalo linafaa, lakini kidogo, si kila siku. Ongezeni mboga kidogo zilizoiva vizuri, kama lengalenga au karoti, na mafuta nusu kijiko cha chai kwa siku. Zaidi ya hapo mafuta yenyewe yanaharisha.

Chakula kikibadilishwa, kibadilishwe kwa juma moja. Siku mbili za kwanza, robo moja iwe chakula kipya na robo tatu kile cha zamani. Siku mbili zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha robo tatu za kipya, hadi siku ya saba kiwe kipya chote. Kwa hiyo mnapomchukua mbwa, mwulizeni aliyemfuga alikuwa anamlisha nini, na mwanze na hicho hicho. Mabadiliko ya ghafula yanaharisha hata kama kipimo ni sawasawa.

VITU VYA KUMKATAZA

Maziwa ya ng'ombe. Wengi wanamhurumia wakisema bado ni mtoto. Lakini baada ya kuachishwa, mbwa wengi hawawezi kusaga sukari ya maziwa hayo, na wanahara.

Vitunguu na vitunguu saumu, vibichi au vya kupikwa. Vinaharibu damu ya mbwa. Kwa hiyo mchuzi wa nyumba, wenye vitunguu, chumvi na pilipili, usimwagwe juu ya chakula chake. Tuondoe sehemu yake kabla ya kutia viungo.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo. Kokwa la avoka nalo linaweza kuziba utumbo.

Mahindi au unga wenye kuvu. Kuvu hiyo inaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, la mbwa na la mtu. Watu wengine wanasema, "Unga umeharibika, tumpikie mbwa." Unga ulioharibika hauna wa kupikiwa.

Muhogo mchungu ambao haujalowekwa, na maji ya kulowekea muhogo. Vina sumu.

Chokoleti, kasiksi na pombe nyingine yoyote.

Na pilipili ya kumfanya awe mkali! Desturi hiyo ipo, na haina faida. Pilipili inachoma tumbo, mbwa anaumwa, na mbwa mwenye maumivu anamwuma yeyote aliye karibu. Aliye karibu kila mara ni mtoto wako, mwizi hajafika bado. Vivyo hivyo na wale wanaosema mbwa aliyeshiba hailindi nyumba. Mbwa mwenye njaa anatoka kwenda kutafuta jalala, anakutana na mbwa wagonjwa wa barabarani, na usiku huo hayupo nyumbani kulinda.

TUSOME CHOO, TUSOME MBAVU

Choo cha mbwa ni kama daftari la mwanafunzi. Mwalimu akilifungua anajua mara moja kazi inakwenda namna gani.

Choo chenye umbo, cha rangi ya kahawia, kinachookoteka bila kuacha alama kubwa chini: kipimo ni kizuri, tusibadilishe kitu.

Choo cha asubuhi kizuri, lakini cha mchana laini na cha jioni laini zaidi: mara nyingi ni chakula kilichozidi. Tupunguze kidogo, kama mkebe nusu kwa siku, tungoje siku tatu, tuangalie tena. Tuulize pia kama hakuna anayempa kwa siri.

Choo kama uji kwa siku nzima: ni chakula kilichozidi sana, au kilichobadilishwa ghafula, au minyoo, au ugonjwa.

Choo kigumu kama vijiwe, mbwa anakamua kwa taabu: maji hayatoshi, au amekula mifupa.

Halafu mbavu. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: ukigusa mbavu za mbwa na zikawa hivyo, amekonda, aongezewe. Fungua kiganja, gusa nyama yake laini: mbavu zikijificha hivyo, amezidi, apunguziwe. Sasa nyosha mkono, gusa mgongo wa kiganja, pale mifupa inasikika chini ya nyama nyembamba. Mbavu zikiwa hivyo, ni sawasawa. Fanyeni hivi kila Jumamosi, na mpime uzito siku hiyo hiyo. Kila juma uzito upande kidogo, na mikebe ifuate uzito.

AKIHARA, TUFANYE NINI?

Kama anahara lakini anacheza na kunywa maji, tupunguze chakula kiwe nusu kwa siku mbili. Tumpe wali ulioiva sana pamoja na samaki au yai lililochemshwa, bila mafuta, bila chumvi, kidogo kidogo mara tano au sita. Maji yawepo daima. Asifungishwe siku nzima: akiba ya nguvu katika mwili wake ni ndogo, anaweza kulegea na kuanguka. Asipewe lavema, wala dawa za kuzuia kuhara zilizobaki za watoto wetu.

Twende kwa veterineri bila kungoja tukiona damu katika choo, kutapika tena na tena, kukataa kunywa, ufizi mweupe, au ngozi ya shingo ambayo ukiivuta hairudi upesi. Alama hiyo ya ngozi mama wote wanaijua kwa mtoto aliyepungukiwa na maji. Kuna ugonjwa wa virusi, parvovirusi, unaowaua watoto wa mbwa wasiochanjwa kwa siku chache, na unaanza hivyo: kutapika na kuhara damu. Kipimo cha chakula hakiwezi kuuponya. Chanjo yake inaanza kati ya juma la sita na la nane, kisha inarudiliwa. Virusi hivyo vinaweza kubaki katika udongo miezi mingi. Kwa hiyo mbwa akifa kwa ugonjwa huo, tusilete upesi mtoto mwingine wa mbwa katika ua ule ule.

TUMBO KUBWA SI SHIBE

Hapa ndipo jambo hili linapogusa watoto wetu wenyewe.

Tumbo la mbwa linakuwa mviringo kidogo baada ya kula, kisha linapungua. Kama linabaki limevimba kama ngoma, huku mbavu zinaonekana na manyoya hayang'ai, mara nyingi hiyo ni minyoo, wale tunaowaita nyoka za tumbo. Wengine tutafikiri ameshiba, wengine tutafikiri ana njaa na kumwongezea. Hata mikebe kumi haitamfaa, kwa sababu minyoo inakula kabla yake.

Mbwa anaweza kuzaliwa akiwa nayo, maana inapita kutoka kwa mama yake akiwa bado tumboni, na tena katika maziwa. Kwa hiyo dawa ya minyoo inaanza mapema, akiwa na majuma mawili, inarudiliwa kila majuma mawili hadi miezi miwili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Dawa na kipimo vitoke kwa veterineri, kufuatana na uzito.

Mayai ya minyoo hiyo yanatoka na choo. Yakikaa katika udongo majuma machache yanakomaa, na yanaweza kuishi humo miaka. Mtoto wetu anacheza chini, anatia mkono kinywani, anameza mayai. Ndani ya mwili wa mtu vifaranga vya minyoo vinatembea, vinaweza kufika katika ini, katika mapafu, hata katika jicho na kuharibu kuona. Lakini kwa kuwa mayai yanahitaji muda kabla ya kukomaa, sisi tunaweza kuyatangulia. Choo kiokotwe kila siku na kutupwa katika latrini au shimo. Kisitupwe katika bustani ya mboga. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Sahani ya mbwa ioshwe mbali na vyombo vya nyumba.

Na mbwa akifikisha miezi mitatu, achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho waliumwa na mbwa, na kati yao kuna watoto wengi. Tuwafundishe watoto wetu kutomgusa mbwa anapokula, hata akiwa mdogo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kungoja alama yoyote.

NA KAMA CHUNGU CHENYEWE NI KIDOGO?

Najua kuna mama anayesoma na kusema moyoni: "Watoto wangu wanakula mara mbili kwa siku, na mwalimu anataka mbwa ale mara nne?" Neno hilo ni la haki, na linastahili jibu la kweli.

Kwanza, mara nne hazimaanishi chakula mara nne. Ni mikebe ile ile minne, imegawanywa. Mbwa anayelishwa na mikono mingi bila kipimo anakula zaidi ya huyo, na nusu yake inamwagika uani.

Pili, tuhesabu kabla ya kumpokea. Mbwa wa kilo 3 ana hitaji la gramu kama 100 za samaki au mapafu kwa siku, na akikua atahitaji zaidi. Tuongeze dawa ya minyoo na chanjo. Kama hesabu haipatikani, kukataa si aibu. Mtoto wa mtu asipunguziwe kwa ajili ya mbwa, na mbwa asiletwe ili afe kwa njaa. Jirani wawili wenye ua mmoja wanaweza kumlisha mbwa mmoja pamoja, na mbwa mmoja mwenye afya analinda kuliko watatu wanaozunguka majalala.

Tatu, vikundi vyetu vinaweza kusaidia. Mama kumi wenye mbwa wakimwalika veterineri siku moja, wakileta mbwa wote pamoja, ni rahisi kuliko kila mmoja kumtafuta peke yake.

KAZI HII TUWAPE WATOTO

Mtoto wa miaka kumi anaweza kushika mkebe. Achaguliwe mmoja kwa juma, naye ndiye mlishaji. Wengine wote wakatazwe, baba pia. Ukutani, karibu na mlango wa jikoni, mama achore mistari minne kwa chaki kila asubuhi. Kila mara mbwa anapokula, mlishaji anafuta mmoja. Anayerudi nyumbani na kukuta mistari miwili anajua mbwa amekula mara mbili, na hamwongezei.

Jumamosi mtoto huyo apime uzito, agawanye kwa kumi, agawanye kwa 70, apate mikebe ya juma linalofuata. Darasani wengi wanalia juu ya sehemu na kugawanya, kwa sababu wanaona ni namba tupu. Mkebe mmoja na nusu mbele ya mbwa anayetikisa mkia hausahauliki.

KWA UFUPI, MAMA WAPENZI

Mtu mmoja alishe. Mkebe upime. Sehemu moja ya kumi ya uzito, mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Chakula cha kujenga mwili kiwemo kila siku. Vitunguu, mifupa ya kuku, maziwa na pilipili visiwemo. Chakula kibadilishwe polepole. Choo kiangaliwe na kiokotwe kila siku. Dawa ya minyoo na chanjo zisisahauliwe.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtoto wa mbwa, haba na haba ndiyo inayomkuza. Kesho asubuhi, kabla ya kutupa mkebe wa tomati ya leo, uosheni na uwekeni kando.

Juma lijalo, tukijaliwa.